Vumbi la Nyumba ya Usa

Bibi Gerda alinituma dukani kwa Kanji jioni, wakati watu wa soko wanafunga mizigo yao. Nilitakiwa kuchagua mashine ya kufyonza vumbi na kurudi nayo kabla wageni hawajaketi mezani. Nilikwenda na mdogo wangu Aminieli, anisaidie kuibeba.

Ulikuwa mwaka uliofuata baada ya gari la moshi kufika Moshi. Vitu vya Ulaya vilishushwa pale na kuletwa Arusha kwa magari ya ng'ombe ya Makaburu. Bibi Gerda alikuwa na nyumba ya wageni karibu na boma la Wadachi, na sisi wawili tulikuwa wasafishaji wake wa mazulia. Hatukusafisha ya kwake tu. Alitupeleka kwa maofisa, kwa Wagiriki, kwa wenye mashamba, popote penye zulia.

Kazi yenyewe ilikuwa ya fimbo. Unalitoa zulia nje, unalitundika kwenye kamba, unalipiga mpaka mikono ife ganzi. Vumbi la Arusha wakati wa kiangazi ni laini kama unga. Linaingia kwenye chumvi, kwenye Biblia, kwenye kope za macho. Lilikuwa limeingia kifuani mwa Aminieli pia. Alikuwa mwanamume mwenye mabega mapana na kikohozi cha mzee.

Bibi Gerda alikuwa amesikia kwamba siku hizi kuna mashine inayotumiwa na mtu mmoja.

"Kama ni hivyo, Aminieli wa nini?" aliniuliza asubuhi ile. "Mashambani wanatafuta watu."

Mwanamume aliyekaa mjini bila Mzungu wa kumwajiri alikamatwa na watu wa jumbe na kupelekwa kulima. Tulikuwa tumewaona watu wenye vifua kama cha Aminieli wakirudishwa kutoka mashambani wamebebwa kwa machela. Wengine hawakurudishwa. Kwa hiyo nilikwenda kwa Kanji nikijua ninachokwenda kuchagua. Nilikuwa nachagua mdogo wangu abaki au aende.

Kanji alikuwa amekwisha funga ubao mmoja wa mlango.

"Chagua upesi, mama," alisema. "Taa inakula mafuta, na mafuta hayaletwi na malaika."

Mashine zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa mpya, ya bati, ndefu kama mtwangio. Mtu anaishika kwa mikono miwili, anasukuma na kuvuta, na mdomo wake unapita juu ya zulia. Ya pili ilikuwa sanduku la mbao lenye mivukuto miwili ya ngozi, kama ya mhunzi, bomba refu la mpira, na mfuko wa vumbi nyuma. Hiyo ilitaka watu wawili: mmoja kwenye mpini wa mivukuto, mwingine kwenye mdomo wa bomba.

Nilikuwa nimekuja na majivu, mchanga na nywele za mkia wa ng'ombe, nimevifunga kwenye kitambaa. Nilivimwaga juu ya zulia la Kanji.

"Haya!" alisema. "Umekuja kununua au kunichafulia?"

"Bila uchafu nitaijuaje?"

"Na kitanda ukinunua, unalala kwanza hapa dukani?"

"Nikiuziwa na wewe, nalala wiki nzima."

Aminieli alicheka, kisha akakohoa.

Ile ya bati ilichukua majivu na kuacha mchanga. Nywele zilijiviringisha mdomoni mwake zikakwama. Kibaya zaidi, kila nilipoisukuma ilitema vumbi jembamba kwa nyuma, moja kwa moja usoni pangu. Aminieli alitoka nje kukohoa.

Alipotulia nilimweka kwenye mpini wa ile ya mbao.

"Vuta," nilimwambia. "Pole pole. Vuta."

Bomba lilikakamaa mkononi mwangu. Nilisikia punje za mchanga zikigonga ndani yake zikipanda. Nilipitisha mdomo mara moja, nikarudia. Kisha niligeuza zulia na kulipiga kwa kiganja mgongoni. Hakuna kilichodondoka. Niliweka kitambaa cheupe nyuma ya mfuko wa vumbi na kumwambia Aminieli aendelee kuvuta. Kitambaa kilibaki cheupe.

Kwa zulia lenye nyuzi ndefu, hakuna mashine nyingine. Ilikuwa na nguvu, mfuko wake haukuvuja, na ilihitaji watu wawili. Bibi Gerda mwenyewe angekiri hivyo nikimwonyesha mchanga. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu haikutokea tena.

"Imetoka wapi?" nilimuuliza Kanji.

"Usa, njia ya Moshi. Nyumba ya Mzungu mwenye kahawa. Mke wake alikufa, bwana akauza kila kitu akarudi Ulaya."

"Mfuko ulikuja mtupu?"

"Mtupu kabisa."

Niliunyanyua. Haukuwa umekuja mtupu. Ulikuwa mzito kama paka aliyelala, na ulitoa harufu ya sabuni ya maua na majivu yaliyolowa.

Kwetu Meru taka za nyumba hazitupwi ovyo. Unafagia, unazipeleka kwenye migomba ya nyumba hiyo hiyo. Vumbi la nyumba ni watu wake: ngozi ya nyayo zao, nywele zao, kucha zao. Linapotupwa vumbi lako ndipo kwako. Hulimwagi kwa jirani, na jua likizama hulitoi nje kabisa. Hata sisi tuliobatizwa misheni ya Nkoaranga tulifanya hivyo bila kumwuliza mtu sababu.

Jua lilikuwa limezama. Nilisema nitaumwaga kesho, mahali penye usalama.

Kesho yake Bibi Gerda alitukuta uani asubuhi akiwa tayari na funguo. Kulikuwa na ofisa anayekuja, na zulia la ukumbi lilikuwa baya.

"Bibi, kwanza nisafishe mfuko."

"Mfuko utasafisha nini? Mimi nataka zulia!"

Tukaanza.

Zulia lile lilibadilika rangi mbele ya macho yetu. Aminieli alikuwa kwenye mpini saa nyingi na hakukohoa hata mara moja. Bibi Gerda alipita na kidole chake, akakitazama, akaondoka bila kusema kitu. Kwake hiyo ilikuwa sifa.

Jioni niliingia kuwasha taa.

Katikati ya zulia palikuwa na unyayo.

Mmoja. Mguu mtupu, wa kushoto, mdogo. Vidole vitano vilionekana vyote, na kisigino kimezama kwenye nyuzi. Haukuwa wa Aminieli, ambaye miguu yake ni kama majembe. Haukuwa wangu. Funza walikula kidole changu kidogo cha mguu wa kushoto nikiwa mtoto, na alama yangu naijua.

Nilimwita Aminieli. Tukaleta mashine, tukaupitia unyayo ule mpaka ukafutika. Tukageuka kutoka.

Sasa zilikuwa nyayo mbili.

"Vuta," nilisema.

Tulifuta mbili. Zikaja tatu, zimefuatana kuelekea mlango wa nyuma. Tulikuwa tumesimama pale pale. Hakuna aliyepita. Nilisikia tu bomba likivuta pumzi... na harufu ya sabuni ile.

"Hanna!" Bibi Gerda alikuwa mlangoni na taa yake. "Nani amekanyaga zulia langu?"

"Sijui, bibi."

"Hujui! Watu wawili, mashine moja, hujui!"

Kila nyumba ilikuwa hivyo. Kwa Mgiriki, kwa daktari wa boma, kwa mjane mmoja mwenye duka la mikate. Tulifika asubuhi, tulisafisha vizuri kuliko tulivyowahi kusafisha, na jioni mwenye nyumba alilalamika na kutufukuza. Nyayo kwenye zulia. Nilijaribu kila kitu ninachokijua. Nilibadilisha mdomo wa bomba. Nilipaka ngozi ya mivukuto mafuta. Nilisugua zulia kwa kitambaa chenye siki, nikalisugua na majani ya chai yaliyokamuliwa. Nyayo zilirudi, ndogo, safi, vidole vitano.

Kufukuzwa kwa kazi mbaya ningekuelewa. Kufukuzwa kwa kazi nzuri kulinitia hasira ambayo sikuwa na mtu wa kumpa.

Na Aminieli hakunisaidia. Nilipomwambia tuurudishe mfuko ule dukani, alisema mashine haina kosa. Nilipomwambia apumzike, aliendelea kuvuta. Kikohozi kilikuwa kimekwisha kabisa. Kwa mjane wa mikate tulikuwa tunafunga bomba, naye akasimama akitazama ukuta.

"Limebaki lile la kijani," alisema.

"Lipi?"

"La chumba cha nyuma, dada."

"Nyumba hii haina chumba cha nyuma."

"Najua," alisema.

Bibi Gerda alinipa neno lake la mwisho Ijumaa. Jumatatu angenunua ile ya bati. Alikuwa amekwisha zungumza na mwenye shamba mmoja, ambaye angempokea Aminieli.

Nilikwenda nyuma, kwenye kibanda cha mashine. Aliyefua nguo pale alikuwa Nosim, mama wa Kiarusha kutoka Engutoto, mwenye shanga mpaka kiwikoni na ulimi usiopumzika.

"Shikamoo, yeyo," nilisema, ndilo mama kwa lugha yao.

"Marahaba. Nasikia mnasafisha na kuchafua kwa mashine moja. Hiyo ni akili. Kazi haitakwisha."

"Usinicheke leo."

"Nimcheke nani basi? Mwana huyo wa mama yako hata salamu haitikii. Ninyi Wameru mnaogopa kumwaga ufagio mmoja kwa jirani, halafu mmebeba vumbi la nyumba zote za Wazungu kwenye tumbo moja. Kwetu hata mchawi hana kapu kubwa hivyo."

Nilikuwa nimeliwaza hilo hilo kila siku na kila siku Bibi Gerda alikuwa ameniharakisha. Na sasa hata kuumwaga nisingeweza. Niumwage kwa nani? Vumbi la nyumba tano lilikuwa limechanganyika.

Niliingia kibandani kuufungua mfuko. Mwanga ulikuwa unakwisha. Baada ya nyumba nne ulipaswa kuwa umevimba. Ulikuwa bapa. Lakini nilipoushika ulikuwa mzito kuliko siku ya Kanji, na ulikuwa na joto, kama nguo iliyovuliwa sasa hivi.

Nikasikia ngozi ikilia.

Krrr...

Mvukuto wa kushoto ulipanda. Ukakaa juu kidogo. Ukashuka.

Hakuna aliyeshika mpini.

Ukapanda tena.

Nilirudi nyuma mpaka mlangoni, nikatazama uani. Aminieli alikuwa ameketi kwenye gogo, ng'ambo ya kamba za nguo, na sahani ya ndizi mapajani. Hakuwa anakula. Mvukuto ulipopanda, mabega yake yalipanda. Mvukuto ulipokaa, yalikaa.

Ulipochelewa kushuka, naye alichelewa.

Nosim alikuwa ameacha kukamua shuka. Maji yalidondoka miguuni pake.

"Lirudisheni lilikotoka," alinong'ona. Hakukuwa na mzaha tena. "Lote. Kabla halijamzoea."

Jumapili baada ya ibada tulishika njia ya Moshi. Tuliiacha mashine kibandani, tukachukua mfuko peke yake, nimeufunga mdomo kwa kamba ya katani. Aminieli aliubeba. Nilikuwa na hofu kwamba kifua chake kisingefika Usa. Mimi ndiye niliyekuwa nahema nyuma yake. Alikwenda mbele bila kupumzika, na tulipofika penye njia panda ya mashamba hakumwuliza mtu. Alipinda kushoto.

"Umewahi kuja huku?" nilimuuliza.

"Hapana."

"Umejuaje?"

Alifikiri. "Si ndipo nyumbani?" alisema, kisha akanitazama kama mtu aliyejikwaa. "Sijui kwa nini nimesema hivyo, dada."

Nilitaka kuuchukua mfuko. Hakunipa.

Nyumba ilikuwa ya mawe, paa la bati, madirisha yamepigiliwa mbao. Migomba ya mpishi ilikuwa bado nyuma ya jiko. Mlinzi, mzee wa Kiarusha jina lake Loishiye, alikuwa ameketi mbali na nyumba kuliko mlinzi anavyopaswa kuketi, na moto wake mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Tumekuja kurudisha kitu cha bibi wa hapa."

Alitazama mfuko. Hakuuliza ni nini.

"Mngekaa nacho," alisema.

Nilimwambia yote, nyayo na mivukuto. Alisikiliza akichokonoa moto. Aliposema, alisema kwa sauti ya chini, mgongo ukiwa upande wa nyumba.

"Bibi alikuwa anasafisha zulia kila jioni. Kila jioni. Akimaliza anapiga kelele, nani amekanyaga? Bwana alifika mahali pa kutembea na viatu mkononi. Hakuna aliyekanyaga."

"Kwa hiyo nyayo si zake?"

"Mguu wake ulikuwa mkubwa. Alivaa viatu vya bwana."

Moto ulipasuka.

"Mashine aliinunua mnadani Moshi," Loishiye aliendelea. "Ilikuwa imetumika. Na kitu kimoja kilinisumbua. Mashine ile ni ya watu wawili. Bwana alikuwa shambani. Mpishi alikuwa hapa, tunaota moto. Sisi tunaisikia ndani, inavutwa, na bibi anatembeza bomba."

"Nani alikuwa anavuta?"

"Ndiyo nasema ilinisumbua."

Nilitazama juu. Jua lilikuwa bado kwenye kilele cha Meru, jekundu. Bado halijazama. Kama nilitaka kumwaga, ilikuwa sasa.

Nilimnyang'anya Aminieli mfuko, nikaenda kwenye migomba, nikakata kamba. Kulikuwa na upepo unaotikisa majani, lakini vumbi lile halikupeperuka. Lilishuka lote pamoja, zito, kama uji. Nilikung'uta mpaka mshono wa chini. Mfuko ukawa mwepesi. Harufu ya sabuni ilipanda mara moja, ikakatika.

Nilisikia Aminieli akivuta pumzi ndefu nyuma yangu. Nikadhani ni afueni.

Nikamshukuru Mungu. Nikainama kufunika vumbi kwa majani.

Lilikuwa limelala kwa tabaka. La kwetu mjini lilikuwa juu ya mfuko, kwa hiyo lilitangulia kutoka likatokeza chini, pembeni: jekundu la mjane, la kijivu la daktari. Katikati yake niliona uzi wa bluu. Niliuvuta. Ulikuwa uzi wa pindo la kaniki yangu.

Nilikaa pale nimeushika.

Tulikuwa tunafanya kazi miguu mitupu. Bibi Gerda hakuruhusu kitu kingine juu ya mazulia. Kila siku, nyumba hadi nyumba, tulitembea juu ya zulia na kufyonza tulipotembea. Ngozi ya nyayo zetu. Nywele zetu. Jasho la Aminieli lililodondoka akivuta. Lote lilikuwa mfukoni.

Na mimi, kwa mikono yangu, nilikuwa nimelitupa kwenye migomba ya nyumba ya Usa.

Nilianza kuchota. Nilichota kwa viganja, nikirudisha mfukoni, nikijaribu kuacha lile la zamani, la juu, jeusi. Lakini lilikuwa linaingiana. Kila nilipochota la chini, la juu lilishuka. Vumbi halina mahali pa kulikata. Nilichota na udongo, nilichota na majani yaliyooza, nikilia kwa hasira, na kilele cha Meru kikazimika.

Loishiye hakusogea kutoka kwenye moto wake.

"Amekwisha ingia," alisema.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Kufuli lilining'inia. Niliingia nikipapasa ukuta. Kulikuwa na chumba mwisho wa ukumbi, na mwanga uliobaki ulipita kwenye nyufa za mbao za dirisha. Aminieli alikuwa amesimama katikati ya chumba, juu ya zulia.

Lilikuwa la kijani.

"Hili ndilo nililokuwa nasema, dada," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Hiyo ndiyo iliyonitisha. "Limechafuka sana. Wamelitelekeza."

"Twende nyumbani."

"Ngoja nimalize hapa."

"Utamaliza na nini? Hatuna mashine!"

"Ufagio upo."

Nilimshika mkono nikamvuta. Nilikuwa namvuta mwanamume mwenye kifua kibovu, na ilikuwa kama kuvuta kinu kilichochimbiwa chini. Hakunipinga. Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma kidogo, kama unavyomtazama mgeni ambaye hataki kuondoka.

"Kesho nitakuja," alisema. "Nenda, dada. Giza linaingia."

Nililala kando ya moto wa Loishiye. Asubuhi Aminieli alikuwa bado anafagia.

Jumatatu Bibi Gerda aliniona nikirudi peke yangu. Hakuuliza sana. Alinunua ile ya bati, kwa kuwa sasa nilikuwa mmoja, na ile ya mbao ikarudi kwa Kanji, ambaye aliipokea akilalamika na kuiuza wiki hiyo hiyo. Alikataa kuniambia kaiuza kwa nani. Nyayo zilikoma katika nyumba zote. Wateja walirudi. Kila jioni nakohoa vumbi ambalo ile ya bati inanitemea usoni, na Bibi Gerda anasema mazulia hayajawahi kuwa mazuri hivi. Si kweli. Mchanga wote uko chini, kwenye mizizi ya nyuzi. Nimeacha kumwambia.

Habari za Aminieli nilizipata kwa watu wanaopita njia ya Moshi. Shamba lilipata bwana mpya, akamkuta ndani ya nyumba akifagia, akamwandika kuwa mtu wa shamba lake. Hakohoi, walisema. Amenenepa. Mashambani, mahali nilipokuwa nimepigania asifike, ndipo alipopona.

Nilikwenda kumwona baada ya mvua za kwanza. Niliondoka Arusha alfajiri, nikafika mchana. Njia kutoka barabarani mpaka langoni ilikuwa na tope laini ambalo lilikuwa limeanza kukauka.

Loishiye alikuwa mahali pake. Aliponiona alisimama. Alitazama nyumba, kisha akanitazama mimi, kisha nyumba tena.

"Umetokea wapi?" alisema.

"Arusha. Shikamoo, mzee."

Hakuitikia.

"Mdogo wangu yupo?"

"Yupo." Alilamba midomo. "Wapo. Jioni tunawasikia kwenye chumba cha nyuma. Mmoja anavuta, mwingine anatembeza bomba."

"Mashine haipo huku. Iliuzwa."

"Najua."

"Huyo mwingine ni nani?"

Alishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Ni mwanamke," alisema hatimaye. "Anamwambia, vuta. Pole pole... vuta."

Kutoka ndani, nyuma ya mbao za madirisha, nilisikia ngozi ikilia. Ikapanda. Ikakaa.

Niliinamisha macho ili nisiitazame nyumba. Ndipo nikaona njia. Ng'ambo ya lango, kuanzia pale niliposimama hadi mlango wa nyuma, tope lilikuwa na nyayo. Za jana, za juzi, nyingine zimekwisha jaa maji ya mvua. Zote zilikuwa zinaingia. Mguu wa kushoto haukuwa na kidole kidogo.

Nilikuwa bado nje ya lango.